Nabii Hupimwa Barazani

Watu wa bonde la Kilombero si wageni wa mambo ya ghaibu, na mtu atakaye kuwaeleza habari za karama za Roho katika kanisa la kwanza hana haja ya kuanza kwa kuwasadikisha kwamba mwanadamu aweza kushikwa na nguvu isiyoonekana akanena maneno yasiyo yake. Hilo walilijua tangu enzi za mababu. Mwaka 1904, huko Ngarambe, katika nchi ya mto Rufiji, ambao Kilombero humwaga ndani yake maji yake yote, Kinjikitile Ngwale alisemwa kuwa amepandwa na roho aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi na kutoka na ujumbe. Na kabla ya mwaka uliofuata kwisha, wajumbe waliobeba maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbono na mbegu za mtama walikuwa wamekwisha kuwafikia Wapogoro na Wambunga, hata tarehe 30 Agosti 1905 halaiki ya watu ikalishambulia boma la Wajerumani la Mahenge kwa itikadi kwamba risasi zitageuka maji. Kinjikitile mwenyewe alikuwa amenyongwa mapema mwezi huo huo.

Kwa hiyo swali liulizwalo siku hizi huko Mofu, katika tambarare za mpunga kusini-magharibi ya Ifakara, kila upitapo mkutano wa injili wenye vipaza sauti na jenereta, yaani nani ana karama na nani hana, lina umri mrefu kuliko vipaza sauti hivyo. Wakristo wa karne tatu za kwanza, ambao nao waliishi kati ya watu waliozoea waaguzi na makahini, waliliona kuwa ni swali jepesi mno. Wao walitaka kujua karama imeletwa kwa ajili ya nani, na nani ameipima. Na mintarafu ya mambo hayo mawili walituachia maandiko mengi kuliko adhaniavyo mtu asomaye Agano Jipya peke yake.

Korintho, mahali ambapo habari zetu za karama huanzia kwa utimilifu, haukuwa mji wa wenyeji wa asili moja. Ule wa kale Warumi waliubomoa mwaka 146 K.K., ukakaa gofu karibu miaka mia, mpaka Julius Caesar alipouanzisha upya mwaka 44 K.K. na kuujaza watumwa walioachwa huru, pamoja na watu wa kila taifa waliokuja kutafuta riziki kati ya bandari mbili, moja ikitazama magharibi na nyingine, Kenkrea, ikitazama mashariki. Msomaji wa Ifakara, ambaye ameona watu wa kila kabila wakiingia bondeni tangu reli ya TAZARA ilipopita katika miaka ya 1970, hatashangaa kuambiwa kwamba katika mji wa namna hiyo kila mtu hugombea cheo, maana cheo cha ukoo wake alikiacha alikotoka. Paulo alikaa huko mwaka mmoja na nusu, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila, na kwa bahati njema wakati wake twaujua, kwa kuwa maandishi yaliyochongwa katika jiwe huko Delphi yamtaja Galio, liwali ambaye Paulo alishitakiwa mbele yake, nayo yaonyesha kwamba Galio alitawala karibu na mwaka 51. Waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho aliuandika baadaye akiwa Efeso, yamkini kati ya mwaka 53 na 55, baada ya kufikiwa na habari kutoka kwa watu wa nyumba ya Kloe, na barua ya maswali kutoka kwa Wakorintho wenyewe.

Jengo la kanisa hawakuwa nalo. Walikutana kwa mtu mwenye nafasi, kama Gayo, na wachunguzi wa magofu hukisia kwamba nyumba za aina hiyo ziliweza kuchukua watu arobaini au hamsini, tena kwa kubanana. Jambo hili huonekana dogo, lakini asiyelishika hawezi kuufahamu waraka: karama zilizogombaniwa zilidhihirika mbele ya watu waliojuana kwa majina, waliokula pamoja, na waliodaiana. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoazimia mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo ziwe msingi wa uchungaji, Mkatoliki wa Mofu ameishi ndani ya kitu kilicho karibu na kanisa la Korintho kuliko basilika yoyote ya Roma: nyumba kadhaa za majirani, zamu ya kukutana leo kwa huyu na wiki ijayo kwa yule, mkeka umetandikwa barazani, mwenyekiti, katibu mwenye daftari lake, Injili husomwa na kila mmoja akaeleza lililomgusa, kisha sala za hiari, na kikapu cha mchango kikazunguka.

Katika jumuiya kama hiyo nimepata kumsikia mama aliyehamia kutoka Usukumani akisali kwa Kisukuma kitambo kirefu, machozi yakimtoka, na wazee wa Kindamba wakimsikiliza kwa adabu pasipo kujua waitikie wapi, hata jirani yake alipoeleza kwa Kiswahili kwamba anamwombea mjukuu aliyelazwa Ifakara. Hapo ndipo amina ilipotoka kwa wote kwa pamoja. Kisukuma si lugha ya malaika, wala sisemi kwamba jambo la Korintho, yaani karama ya kunena kwa lugha, lilikuwa la lugha za makabila, kwa kuwa maneno waliyonena Wakorintho hayakufahamika hata na mnenaji mwenyewe. Hoja ya Paulo, hata hivyo, ni hiyo hiyo ya amina: asiyeelewa hawezi kuitikia, na sala isiyoitikiwa imebaki kuwa mali ya mtu mmoja. Akaamuru basi wanene wawili, wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, na mwingine afasiri; asipokuwapo wa kufasiri, mwenye lugha azungumze na Mungu wake kimoyomoyo. Manabii nao wasizidi watatu, na waliobaki wayapime yaliyosemwa. Na mtu aliyeketi akijaliwa ufunuo, yule aliyekuwa akisema amwachie nafasi.

Amri hii ya mwisho hunistaajabisha kila niisomapo. Katika mahekalu ya Wayunani, kama katika ngoma za pepo za pwani yetu, dalili ya kupandwa ni kutojiweza: mtu huanguka, hutetemeka, hunena kwa sauti ngeni, na akizinduka hana habari ya aliyoyasema. Paulo adhani kinyume kabisa. Nabii wake hubaki na akili na hiari yake, aweza kunyamaza akiambiwa anyamaze, na udhuru wa kusema kwamba nilishikwa sikuweza kujizuia haupokelewi. Hili pekee latosha kuwafanya mahodari wengi wa majukwaa wa leo wakose mahali pa kukaa katika ule ukumbi wa Gayo.

Hesabu ya karama ni jambo ambalo wahubiri hulitilia mkazo usiostahili. Sura ya 12 ya waraka huo yataja tisa, na mwisho wa sura hiyo hiyo orodha imekwisha kubadilika. Waraka kwa Warumi wataja saba, na humo hamna uponyaji wala lugha, ila mmo kutoa, kusimamia na kurehemu. Ule wa Waefeso wataja watu badala ya vipawa. Mwandishi ambaye orodha zake hazilingani bila shaka alikuwa akitoa mifano. La maana zaidi ni kwamba kati ya uponyaji na lugha Paulo ametia karama mbili zisizo na kishindo, ya kuwasaidia watu na ya kuongoza mambo, na sijapata kusikia mkutano ulioitishwa Ifakara wala Mofu ili watu waombewe wapate karama ya kutunza hesabu za jumuiya, ijapokuwa upungufu wake huonekana kila mwisho wa mwaka. Ama ile sura ya 13 ya upendo, isomwayo harusini hata watu wakadhani imeandikwa kwa ajili ya bwana na bibi arusi, mahali pake ni katikati ya ugomvi huu. Kutohusudu, kutojivuna, kutotafuta faida ya nafsi, yote hayo ni kinyume cha tabia ambazo waraka umekwisha kuwakemea Wakorintho, na walioisikia mara ya kwanza yamkini waliinamisha vichwa kwa aibu. Kuhusu wanawake nitapita upesi: sura ya 11 yachukulia kuwa wao husali na kutoa unabii hadharani, ilhali mistari michache ya sura ya 14 yawaamuru wanyamaze, na kwa kuwa katika nakala kadhaa za kale mistari hiyo imewekwa mahali pengine, wako ulamaa waisemao kuwa ni nyongeza ya mkono mwingine. Apendaye kuwanyamazisha akina mama wa Mofu kwa mstari mmoja ana deni la kuueleza ule mwingine.

Baada ya mitume kufa, tatizo lilihama kutoka kwa wenyeji wenye majivuno likaenda kwa wageni wapitao njia. Kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambacho kilikuwa kimepotea karne nyingi mpaka mwanazuoni wa Kiyunani Philotheos Bryennios alipoikuta nakala yake Konstantinopoli mwaka 1873, chaonyesha jumuiya ndogo, yaelekea za nchi ya Shamu, zikibishiwa hodi na mitume na manabii wasiojulikana. Zifanye nini? Kitabu chajibu kwa maneno ambayo mwenye kuishi na Waswahili ataona kama ameyasikia kwa bibi yake, maana sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtume apokewe, akae siku moja, na ya pili ikilazimu; akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha alalapo. Akiomba fedha ni wa uongo. Akiagiza meza iandaliwe, akidai kwamba ni Roho aliyeagiza, kisha akala mwenyewe, ni wa uongo. Lakini akiomba kwa ajili ya maskini wengine, pasiwe na mtu wa kumhukumu. Nabii wa kweli akitaka kukaa, jumuiya humlisha. Msafiri wa kawaida akitaka kukaa, afanye kazi.

Yafaa kutambua hitilafu moja hapa. Paulo aliamuru maneno ya nabii yapimwe. Didake yakataza kumpima nabii wakati anenapo katika Roho, ikaelekeza macho kwenye mwenendo wake. Nadhani sababu ni nyepesi. Wakorintho walikuwa wakimsikiliza jirani, ambaye mwenendo wake waliujua tangu zamani, na lililobaki ni neno lake; watu wa Didake walimsikiliza mgeni mwenye maneno mazuri, na lililobaki ni kungoja siku ya tatu. Mofu ina haja ya mizani zote mbili, kwa kuwa inao majirani na inao wageni, na barabara ikishapitika baada ya masika wageni huongezeka.

Lakini andiko ambalo ningependa lisomwe bondeni kuliko yote ni la Herma, mtu wa Roma aliyekuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru, aliyeandika katika karne ya pili kitabu kiitwacho Mchungaji. Humo aonyeshwa watu wameketi juu ya benchi na mtu mmoja juu ya kiti. Wale wa benchi ni waamini wenye mioyo miwili, na yule wa kiti ni nabii wa uongo. Wamwendea kama mtu aendaye kupigiwa ramli, mmoja mmoja, faraghani, kila mmoja na shida yake, wakitaka kujua yatakayowapata, naye huwajibu sawasawa na tamaa zao. Tena hupokea ujira, na asipolipwa habashiri. Mkutano wa waadilifu huukimbia, hupenda pembeni. Na siku akiingia mahali watu wanaposali, lile pepo lake humwacha, akabaki bubu. Nabii wa kweli haulizwi kwa siri, wala hasemi apendapo yeye. Hukaa kati ya watu, na watu wakisali, ndipo Roho humjaza akasema na wote.

Mtu wa Kilombero hahitaji kufafanuliwa habari ya benchi na kiti. Aijua nyumba ya mganga, mlango wa pazia, zamu ya kungoja nje, ada ya kufungulia, na jina la adui litajwalo kwa mafumbo ili mteja alimalizie mwenyewe akiwa njiani kurudi. Akiona mambo hayo hayo chini ya bango la kanisa, chumba cha faragha, fomu ya kumwona mtumishi, sadaka maalumu kabla ya neno, basi aweza kumwita mwenye kiti kwa cheo chochote apendacho. Herma angemtambua kwa kiti tu. Hata hivyo haki yataka niseme na la upande wa pili. Huko Ihowanja, ng'ambo ya mto katika Ulanga, kwa Bibi Kalembwana aliyesifika kwa kuzima uchawi, watu walikwenda kwa makundi, wengi wao Wakristo, na mara nyingi mshitaki na mshitakiwa walinyolewa pamoja na kupewa dawa ile ile, wakarudi nyumbani pasipo mmoja kuwa na neno la kumsimanga mwenziwe. Sikubali msingi wa imani ile, maana uliuacha uchawi ukisadikiwa kama kwanza. Lakini katika kulitoa shauri faraghani na kuliweka mbele ya ukoo mzima, Ihowanja ilikuwa na hekima kuliko vyumba vingi vya maombezi nivijuavyo.

Kupima kuna hatari yake, na kanisa la kale halikuiepuka. Karibu na katikati ya karne ya pili, huko Frigia, Montano na manabii wawili wanawake, Prisila na Maksimila, walinena kwa namna ya kupagawa, wakidai kwamba Roho asema kwa vinywa vyao kama mpigaji apigavyo kinubi. Maaskofu wakawakataa, na tangu hapo kila nabii akatazamwa kwa jicho la shaka. Tertuliano wa Karthago, mwandishi mkali wa maneno, alijiunga na wafuasi wao, na ni yeye aliyetuachia picha bora ya karama iliyopimwa vizuri: dada mmoja aliyezoea kupata maono wakati wa ibada ya Jumapili, ambaye hakuyatangaza papo hapo, watu walipokwisha kutawanyika ndipo alipomweleza Tertuliano na wenzake aliyoyaona, nao wakayaandika na kuyachunguza. Ni kinaya kwamba mfano huo umetoka kwa watu walioitwa wazushi.

Pole pole karama zikageuka vyeo. Kanuni ya ibada inayonasibishwa kwa Hipoliti wa Roma, ya karne ya tatu, ingali na busara ya zamani: mtu asemaye amefunuliwa karama ya kuponya asiwekewe mikono, kwa kuwa kazi yenyewe itadhihirisha kama asema kweli. Lakini mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, alipohesabu watumishi wake katika barua kwa askofu wa Antiokia, alitaja makasisi 46, mashemasi 7, na wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52 kwa jumla. Mpunga pepo amekwisha kuwa ofisa kama bawabu, anayelishwa kutoka hazina moja na wajane na wahitaji zaidi ya 1500. Cheo hicho kilidumu katika Kanisa Katoliki mpaka Papa Paulo VI alipokifuta mwaka 1972, maana yake kila padri mzee wa bonde hili aliyepewa daraja kabla ya hapo alikwisha kufanywa mpunga pepo akiwa mseminari, ingawa wengi wao hawakupunga hata pepo mmoja. Yohane Krisostomo, akihubiri juu ya Wakorintho mwishoni mwa karne ya nne, alikiri kwamba sehemu ya waraka ihusuyo karama ina giza, kwa sababu mambo yenyewe hayakuwa yakitokea tena.

Mjadala wa kama karama zimekoma ulizuka upya Oktoba 1963 katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kardinali Ruffini wa Palermo akishikilia kwamba karama zilikuwa tele zamani na sasa ni nadra, na Kardinali Suenens wa Ubelgiji akimjibu kwamba kila mbatizwa anayo yake. Suenens ndiye aliyeshinda, kama ionekanavyo katika namba 12 ya hati ya mtaguso juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ambayo pia imewaachia wachungaji kazi ya kupima pasipo kuuzima moto. Mwaka 1967, miongoni mwa walimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha Duquesne huko Pittsburgh, ikaanza harakati ya karismatiki ya Kikatoliki, ambayo leo Tanzania ina vikundi vyake.

Basi kwa wapimaji wa leo ningemtoa shahidi mmoja wa mwisho. Agostino, askofu wa Hipo, alifundisha ujanani kwamba miujiza imekoma, na uzeeni akaona lazima aseme vingine. Hakutosheka na uvumi. Aliagiza kila aliyeponywa aandikiwe habari yake katika karatasi na isomwe mbele ya watu, na katika muda usiotimia miaka miwili zikapatikana karatasi karibu sabini. Ni utaratibu ambao makarani wa hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara wangeuelewa mara moja. Wakati mmoja wa Pasaka walikuwapo ndugu wawili kutoka Kapadokia, Paulo na dada yake Paladia, wote wagonjwa wa kutetemeka mwili mzima, na yule kaka akapona. Siku karatasi yake ilipokuwa ikisomwa, Agostino aliwasimamisha wote wawili kwenye ngazi za kiti cha askofu, mmoja akiwa mtulivu na mwingine akiendelea kutetemeka, ili mkutano umwone aliyepona na umwone pia ambaye bado. Katika shuhuda nizijuazo za siku hizi yule wa pili hapandishwi jukwaani. Paladia aliponywa baada ya kushuka, askofu akiwa amekwisha kuanza kuwahubiria watu juu ya jambo lile.